Uso wa Themanini na Mbili

Bi Rangi alibofya faili, akafagia duka, akapangusa vumbi kwenye rafu za karatasi, akamwagilia ua lake la kwenye kopo, akarudi kuketi, na faili lilikuwa bado linafunguka. Kiduara cha kusubiri kilizunguka katikati ya skrini bila haya. Akatazama saa ya ukutani. Dakika ishirini na tatu zilikuwa zimekwenda. Kwa miaka kumi na sita alikuwa amesanifu kadi, kalenda, vitabu na mabango ya kila sampuli, hata wateja wakambandika jina hilo la Bi Rangi kwa kuwa angeweza kukwambia kwa macho tu kwamba nyekundu yako imezidi njano. Ukaidi wa namna hii, hata hivyo, ulikuwa mgeni kwake.

"Mjomba," aliita bila kugeuka, "hii kompyuta imegoma au imekufa?"

Mjomba, ndugu wa mama yake na mwenye duka, alikuwa chumba cha nyuma na skana yake. Skana ile aliipenda kuliko baadhi ya jamaa zake, wala hakuficha.

"Haijafa," alijibu. "Inafikiri. Na wewe ungepewa kazi kubwa kama hiyo ungefikiri."

Kazi yenyewe ilikuwa kubwa kweli, na si kwa uzito wa faili tu. Mwaka mmoja nyuma, kiwanda cha nguo cha upande wa pili wa mji kiliungua mchana kweupe, mlango wa nyuma ukiwa umefungwa kwa kufuli, wakafia humo watu waliokwenda kushona mashati ya wenzao. Sasa familia zao zilitaka ukuta wa kumbukumbu usimame mbele ya lango la kiwanda, kila marehemu na picha yake, jina lake na mshumaa chini yake. Ungefunuliwa Jumamosi. Katibu wa kamati ya familia, mama mmoja aliyestaafu ualimu, alipoleta boksi la picha alimshika Bi Rangi mkono akamwambia jambo moja tu. "Mwanangu, tumezungushwa mwaka mzima. Naomba asiachwe mtu." Bi Rangi aliahidi, na aliahidi kwa moyo wake wote.

Leo ilikuwa Jumatano. Kesho saa nane mchana mchapaji angewasha mtambo wake, na alikwisha kusema hangoji mtu. Bi Rangi alikuwa hajaweza hata kusogeza picha moja bila skrini kuganda.

Alianza na yale anayoyajua kila mtu. Akafunga programu zote nyingine zilizokuwa wazi, pamoja na redio ya Mjomba iliyokuwa ikiimba humo humo ndani ya kompyuta. Akaizima mashine, akaiwasha. Akaingia kwenye diski, akakuta imejaa pomoni, nusu yake ni video za harusi ya binamu ambaye ndoa yenyewe ilishavunjika. Akazihamisha. Programu ilikuwa ikikumbuka hatua mia mbili za nyuma ili mtu akijuta aweze kurudi, naye akaipunguzia zikabaki kumi. Kompyuta ikachangamka kwa dakika tatu, kisha ikarudia usingizi wake.

Mjomba akatoka chumba cha nyuma, bisibisi mkononi, akafungua kompyuta yake mwenyewe, akachomoa kipande cha kumbukumbu na kumpa mpwa wake. Bi Rangi alikodoa macho. Mtu huyu hakuwahi kumwazima hata mkasi.

"Usinitazame hivyo," Mjomba alisema. "Kipachike kabla sijabadili mawazo."

Alikipachika. Faili likafunguka kwa dakika kumi na tano badala ya ishirini na tatu. Ilikuwa nafuu ya kumliza mtu.

Ndipo akafanya lile ambalo angelifanya tangu asubuhi kama si kiburi cha uzoefu: akatazama faili lina uzito gani. Gigabaiti kumi na nane. Alisoma tena, akidhani ameruka nukta mahali. Hakuna nukta. Akafungua picha moja, ya ukubwa wa pasipoti, akaikuza, akaikuza tena, mpaka nyuzi za kola ya marehemu zikaonekana moja moja.

"Mjomba, hizi picha umeziskani kwa ukubwa gani?"

"Wa mwisho."

"Wa mwisho upi?"

"Wa mwisho wa mashine." Mjomba alisimama mlangoni, uso wake umekunjika. "Watu wamekufa, mwanangu. Mimi ni nani niwape ukubwa wa katikati?"

Bi Rangi aligeukia skrini. Angecheka, lakini akaitazama mishumaa, kicheko kikamkauka mdomoni. Mshumaa mmoja, picha kubwa iliyopigwa kwa kamera nzuri, ulikuwa umepachikwa upya chini ya kila uso, mara themanini na mbili, na kila mara kwa uzito wake wote. Aliyeupachika hivyo ni yeye. Fundi wa miaka kumi na sita, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Basi akashika kazi. Akazipunguza picha zote zikafika ukubwa wa ukuta na si zaidi. Mshumaa akauacha mmoja, mingine yote ikawa inauazima. Kisha akaamuru programu isake nakala zilizojirudia, ili kama kuna mzigo mwingine wa bure autupe. Orodha ikaja na mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa mshumaa, na huo alikwisha kuumaliza. Wa pili ulisema picha ya kumi na tisa na ya sitini na nne ni picha moja.

Akaziweka sambamba. Binti wa miaka ishirini hivi, nywele amezibana nyuma, anatabasamu kidogo kama aliyeambiwa asitabasamu. Ni yule yule, mpaka alama ya muhuri kwenye pembe. Majina tu ndiyo yalitofautiana, tena jina la kwanza peke yake. La baba lilikuwa moja. Bi Rangi akaona ameelewa. Nusu ya watu anaowafahamu wana jina la nyumbani na jina la shule, na yeye mwenyewe anaitwa Bi Rangi na watu mia wasiojua mama yake alimwita nani. Mjomba na usahihi wake wa kupindukia amemhifadhi binti huyu mara mbili.

Hakuishia hapo, tumtendee haki. Alifungua orodha rasmi ambayo kiwanda kilituma kwa barua pepe, yenye nembo juu na muhuri chini, akahesabu. Watu themanini na mmoja. Jina la kumi na tisa lilikuwemo. La sitini na nne halikuwemo. Na themanini na mmoja ni tisa kwa tisa, safu tisa za nyuso tisa tisa, mraba uliotimia. Wiki nzima ule uso mmoja uliozidi, uliokaa peke yake chini kabisa, ulikuwa unamkera macho bila yeye kujua aufanyeje.

Simu ilikuwa mezani. Namba ya katibu ilikuwa humo. Ungetamani uwepo umshike mkono, uupeleke kwenye ile simu. Bi Rangi alibofya "futa", nyuso zikasogea, mraba ukakamilika. Faili likahifadhiwa, akalifunga, akalifungua tena ili alipime.

Sekunde tisa.

Alipiga kelele, Mjomba akaja mbio akidhani kuna moto. Walilifungua mara tano mfululizo kwa raha tu, wakihesabu sekunde kwa sauti. Kabla ya jua kuzama faili lilikuwa limetumwa kwa mchapaji, na nakala ya karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa duka, urefu wa mtu, ili familia zije kesho yake zihakikishe majina.

Walikuja tangu asubuhi, wawili wawili, kwa sauti za chini. Mmoja alirekebisha herufi, mwingine aliweka kiganja juu ya uso wa mumewe, akatoka bila kusema neno. Bi Rangi aliwapokea, akawapa viti, akaandika. Kila aliyeondoka alimshukuru, naye kila shukrani aliiweka moyoni.

Saa saba kasorobo akaingia mama mmoja peke yake, mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri. Alisalimia, akaenda moja kwa moja ukutani. Kidole chake kilipita safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya tatu kikasimama. Alikaa hapo kidogo. Kisha kikaendelea mpaka safu ya tisa, kikarudi juu, kikaanza upya. Alifanya hivyo mara tatu.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "naomba unisaidie, macho yangu siku hizi si ya kuyategemea. Mmoja nimemwona. Mwenzake umemweka wapi?"

"Mwenzake nani, mama?"

"Pacha wake."

Bi Rangi alitazama ukutani, mahali ambapo kidole cha yule mama kilikuwa kimesimama, ingawa hakuhitaji kutazama. Ilikuwa picha ya kumi na tisa.

"Mama," alianza, "picha... picha ilikuwa moja."

"Ndiyo. Picha ni moja. Watoto ni wawili."

Mjomba alikuwa ametokea mlangoni. "Nyuma ya picha kulikuwa na majina mawili," alisema taratibu. "Nikaihifadhi mara mbili, kila jina na yake. Sikukwambia. Na wewe hukuniuliza."

Yule mama alivuta kiti, akaketi kama mtu aliyetembea mbali. Hakulia. Alisimulia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mbele ya meza nyingi.

"Kiwanda kilikuwa na nafasi moja ya kazi. Akaajiriwa mkubwa, wakampiga hiyo picha, wakampa kitambulisho. Lakini mdogo naye alitaka kazi. Basi wakagawana. Mkubwa anaingia asubuhi, ikifika saa saba anatoka kula, mdogo anarudi na kitambulisho kile kile, anamalizia siku. Mlinzi hakujua. Msimamizi hakujua. Mdogo nikimwambia nenda na wewe ukapigwe picha, anacheka, anasema mimi nimeshapigwa." Alinyoosha kitambaa magotini. "Siku ya moto mkubwa alikuwa ndani. Mdogo alikuwa nje ya uzio anangoja zamu yake. Kitambulisho hakuwa nacho. Alipoona moshi akaingia hivyo hivyo, na siku hiyo langoni hapakuwa na wa kumuuliza."

Feni ya kompyuta iliendelea kuvuma.

"Nilizika wawili. Nilipokwenda ofisini kwao, bwana mmoja akafungua kompyuta. Akaniambia, mama, hapa jina ni moja, picha ni moja, na mtu mmoja hafi mara mbili. Nikarudi tena, nikarudi tena, jibu ni hilo hilo. Mahali popote ambapo mdogo wangu ameandikwa hapapo. Kamati ndio walionisikia, wakasema kwenye ukuta wetu atakuwepo." Aliinua macho, akamtazama Bi Rangi, wala hakumtazama kwa hasira, na afadhali angemtazama kwa hasira. "Kumbe na wewe una kompyuta."

Bi Rangi alitaka kusema samahani, akaona neno lenyewe ni dogo mno, akalimeza. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Yule bwana wa ofisini alimkana binti huyu akiwa na mama yake mbele ya meza. Yeye alimfuta kwa kidole kimoja, kisha akashangilia sekunde tisa. Tena alimfuta kwa kutumia orodha ya wale wale waliomkana. Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika kumi, na mchapaji alisema saa nane.

Akashika simu.

"Usianze," alimwambia mchapaji bila hata salamu. "Kuna mtu ameachwa."

"Dada, karatasi ipo kwenye mtambo."

"Naijua karatasi. Nakutumia faili jingine kabla ya saa nane. Kuna picha moja inatokea mara mbili, kwa majina mawili. Ni sawa, ndivyo inavyotakiwa."

"Mara mbili hasa? Hapo nikwambie mapema. Mashine yetu ikikuta picha mbili za mtu zinazofanana inaweka moja, nyingine inaacha pengo jeupe. Ilishatuharibia kalenda ya watu. Kuirekebisha ni mpaka aje fundi, na fundi ni wiki ijayo."

Bi Rangi alikata simu, akabaki ameishika. Hata huko. Kila mashine ya mji huu ilikuwa imeapa kwamba binti yule ni mmoja.

"Sogea hapa, mama," alisema. "Kaa karibu nami uone ninachofanya. Sitafanya tena kitu usichokiona."

Yule mama akasogeza kiti. Bi Rangi alilifungua faili, akaivunja safu ya tatu. Nyuso tisa akazibana kidogo zikae kumi, na pengo akaliweka pale pale kando ya picha ya kumi na tisa. Mraba wake ukaharibika, safu moja ikawa nene kuliko wenzake, na kwa mara ya kwanza maishani hakujali. Akainakili picha, akaiweka kwenye pengo, akaandika jina chini yake, herufi kwa herufi, yule mama akilitamka taratibu ili asikosee. Akaweka mshumaa.

Sasa ilibaki mashine ya mchapaji. Ilikuwa lazima iione picha hii kuwa tofauti na ya kwanza. Aliwaza kuipunguzia mwanga kidogo, lakini hakutaka kumfanya mmoja awe mweusi kuliko mwenzake. Akawaza kuikata pembeni, lakini binti huyu alikuwa amekatwa vya kutosha. Basi akafanya jambo jepesi kuliko yote, ambalo wasanifu hulifanya bila hata kufikiri: akaigeuza picha kushoto kuwa kulia, jinsi mtu anavyojiona kwenye kioo.

Kiti cha yule mama kilianguka. Alikuwa amesimama, mikono yote miwili mdomoni.

"Huyu umempata wapi?"

"Ni picha ile ile, mama. Nimeigeuza tu, ili mashine..."

"Hapana." Akanyoosha kidole mpaka kikagusa kioo cha skrini, kwenye shavu la binti, pale ambapo lile tabasamu la kujizuia lilikuwa limechimba kishimo kidogo. Bi Rangi alikuwa amezitengeneza nyuso hizo wiki nzima, kishimo hicho hakuwahi hata kukitilia maanani. "Mkubwa kishimo chake kilikuwa shavu la kulia. Mdogo, la kushoto. Hakuna kingine kilichowatofautisha, hakuna. Walipokuwa wachanga na taa imezimika, nilikuwa napapasa shavu la anayenyonya. Kishimo kikijitokeza upande huu, najua ni huyu, nisije nikamnyonyesha mmoja mara mbili, mwenzake akalala na njaa." Hakuondoa kidole. "Ndiye. Ndiye mwenyewe. Mwaka mzima sijamwona."

Kwa Bi Rangi hiyo ilikuwa amri moja ya programu, aliyoitumia mara elfu kwa matangazo ya viatu na sabuni. Aliwatazama wale wawili kwenye skrini, bega kwa bega, wamegeuziana vichwa kidogo, kila mmoja na shavu lake. Alijaribu kuwaona kama mtu mmoja, kama alivyowaona jana. Hakuweza tena. Machozi yalimtoka bila ruhusa, akayaacha yatoke, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini. Nyuma yake Mjomba alikuwa ameukabili mlango wa chumba chake, akipenga makamasi kwa nguvu.

Ilipofika saa nane kasoro dakika kumi na mbili, faili lilikuwa tayari kutumwa. Bi Rangi aliweka kidole juu ya kitufe, lakini yule mama akamgusa mkono, macho yake bado yako kwenye skrini.

"Na huyu," aliuliza kwa sauti ndogo, "huko linakokwenda, kompyuta haitamtoa tena?"

"Haitamtoa, mama," Bi Rangi alijibu. "Sasa inajua ni mtu mwingine."